Maji Yakija, Maji Yakitoka: Siku Sita kwenye Majabali ya Monet

Jumanne: Paris, kisha Le Havre

Mjomba alifika Lille, huku Ufaransa, wiki tatu zilizopita kutoka Tanga, kuja kuwaona wajukuu. Miaka arobaini amevua kati ya Tanga na Pemba, na sasa mashua amewaachia wanawe. Siku ya kumi hivi nilimkuta amesimama dirishani, ananusa hewa. "Mwanangu," akaniambia, "upepo wa kwenu hauna chumvi kabisa." Nikajua lazima nimpeleke baharini.

Nami nilikuwa na safari yangu ya moyoni niliyoiahirisha mwaka hadi mwaka. Nafundisha watoto kuchora. Kila mwaka nawaonyesha majabali ya pwani ya Normandy aliyoyachora Claude Monet, na kila mwaka mtoto mmoja huinua mkono: "Mwalimu, huyu hakumaliza." Huwa namjibu kwa maneno ya mwanga na macho, na jibu hilo halijawahi kuniridhisha hata mimi mwenyewe. Nilitaka kusimama pale aliposimama, nikiwa na mtu anayeijua bahari kuliko ninavyoijua rangi.

Asubuhi tumepitia makumbusho ya Marmottan, Paris, kuiona picha iliyolipa kundi zima la wachoraji jina lake. Ni ndogo, sentimita 48 kwa 63: bandari ya Le Havre alfajiri ya 1872, jua jekundu, ukungu wa buluu, vivuli vya mashua mbili tatu. Monet aliiita Impression, soleil levant, yaani Taswira, jua likichomoza. Ilipotundikwa kwenye maonyesho ya Paris mwezi wa Aprili 1874, mwandishi Louis Leroy aliishika hiyo "impression" akawabandika wachoraji wote wa kundi lile jina la Impressionists kwa dhihaka, na jina likabaki likawa la heshima.

Mjomba aliitazama muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akasema, "Hapa maji yamejaa."

Nikamuuliza kajuaje.

"Hizi meli za milingoti ziko ndani, zina nafasi. Na hakuna ukingo wa tope hata mmoja. Bandari ya maji yanayokupwa sana, meli kubwa haiingii ovyo. Inangoja."

Sikuwa nimemwambia lolote. Mwanafalaki Donald Olson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Texas alipoombwa kutafuta siku hasa ya picha hii, alianzia hapo hapo: mahali jua lilipo juu ya upeo, na ukweli kwamba meli kubwa zilipita tu wakati maji yamejaa. Akaongeza habari za hali ya hewa na moshi unavyoelekea, akafikia 13 Novemba 1872, saa moja na dakika 35 asubuhi. Nilipomweleza, Mjomba alitikisa kichwa taratibu. Hakushangaa hata kidogo. Alichotaka kujua ni kingine: "Huyu bwana alikuwa na chombo?" Alikuwa nacho. Miaka hiyo hiyo, kwenye mto Seine huko Argenteuil, Monet alikuwa na mashua aliyoijengea kibanda akaigeuza chumba cha kuchorea. Jibu hilo lilimfurahisha Mjomba kuliko picha.

Treni ya Le Havre huondoka stesheni ya Saint-Lazare, ambayo Monet aliichora mara nyingi mwaka 1877, moshi na vioo. Reli hii ilifika Le Havre 1847, yeye akiwa mtoto wa miaka sita. Mwendo wa saa mbili na kitu. Mjomba alilala hadi harufu ya bandari ilipoingia behewani.

Jumatano: Le Havre

Mji wenyewe ni wa saruji, barabara zimenyooka. Ule wa Monet ulivunjwa kwa mabomu Septemba 1944, ukajengwa upya kwa mpango wa msanifu majengo Auguste Perret, na tangu 2005 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo hakuna dirisha la kwenda kuchungulia alikochungulia yeye. Kilichobaki ni maji na jumba la makumbusho, MuMa, la vioo, limekaa mdomoni mwa bandari. Unatazama picha ya bahari, unageuza shingo, unaona bahari.

Nilikwenda kwa ajili ya Monet, nikakaa kwa ajili ya Eugène Boudin. Alikuwa mtu wa Honfleur, ng'ambo ya mlango wa mto, na mjini Le Havre alikuwa na duka la karatasi na fremu. Monet kijana alikuwa akichora vibonzo vya watu na kuviuza, na Boudin ndiye aliyemng'ang'ania watoke nje, wakachore mbele ya kitu chenyewe. MuMa ina kazi zaidi ya 200 za Boudin, nyingi ni vipande vidogo: mawingu, ng'ombe, mawingu tena. Mshairi Charles Baudelaire alizitazama mwaka 1859 akagundua kwamba Boudin aliandika pembeni tarehe, saa, na upepo uliokuwa ukivuma.

Nilipomtafsiria Mjomba hilo, akacheka kwa furaha. "Hiyo ni hesabu ya nahodha, mwanangu. Babu yako aliandika hivyo hivyo kwa makaa ubaoni: siku, upepo, kina."

Nimekuwa nikiwafundisha watoto habari ya Boudin miaka yote hii kama mtu aliyependa mawingu. Sikuwahi kuwaambia kwamba aliandika upepo. Jumatatu nikirudi nitaanza na hilo.

Chumba cha pili tukakutana na jabali letu la kwanza: Majabali ya Varengeville, 1897. Hii na nyingine mbili mji wa Le Havre uliinunulia makumbusho yake kutoka kwa Monet mwenyewe, muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Picha ni nyepesi mno. Jabali limekuwa la waridi na zambarau hafifu, bahari imefanana na maziwa yaliyotiwa buluu. Nilisogea hadi mlinzi akanitazama. Kwa karibu hakuna jabali. Kuna vijipande vya rangi vilivyowekwa kimoja kando ya kingine, vingine juu ya rangi ambayo ilikuwa bado mbichi, hivyo brashi imebeba kidogo ya chini ikapandisha juu. Hakuna rangi nyeusi niliyoiona hata kwenye kivuli. Kivuli cha chaki ni buluu, na ukiitazama chaki nyeupe kivulini kweli, utaona ni buluu.

Mjomba hakusema kitu kuhusu hii. Nikamuuliza maji yake yakoje. "Mbali mno," akasema. "Hii kaichora mtu aliye juu."

Alhamisi: Étretat, mvua

Shikamoo ya asubuhi, chai, basi. Étretat haina reli tena, hivyo ni basi kutoka Le Havre, kama saa moja kupitia mashamba ya kitani na viazi, halafu ghafla bonde linafunguka na mji uko hapo, umebanwa kati ya majabali mawili.

Tulifika mvua ikinyesha. Mjomba alikwenda moja kwa moja ufukweni, mizigo begani. Hakuna mchanga. Ufukwe wote ni mawe ya mviringo, mengine saizi ya yai, mengine saizi ya nazi iliyofuliwa, na kila wimbi likirudi nyuma mawe yanaserereka pamoja nalo na kutoa sauti kama gunia la kunde linalomiminwa kwenye karai la bati. Nilifunga macho nisikilize. Sauti hii imo kwenye picha za Monet, sasa naamini: ile mistari mifupi mifupi kwenye ukingo wa wimbi, ambayo watoto huita makosa.

Mjomba aliokota moja, akaligeuza. "Hili ni gumegume."

Alikuwa sahihi. Jabali la Étretat ni chaki iliyolala tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka kuna mikanda ya gumegume, lile jiwe la bunduki za zamani. Chaki ni mabaki ya viumbe vidogo sana wa baharini, ya zama za miaka kama milioni 90 iliyopita. Bahari inapolibomoa jabali, chaki inayeyuka na kuyafanya maji kuwa ya maziwa, na gumegume linabaki, linasagana na wenzake mpaka linaviringika. Ndiyo maana majabali yaliyochorwa na Monet yana ile mistari ya ulalo: hakuibuni, ni mikanda ya gumegume. Na ndiyo maana bahari hapa ina kijani kile cha kuchanganyika na nyeupe. Mawe haya ndiyo ngao ya mji dhidi ya mawimbi, na ni marufuku kuyachukua. Ukikamatwa unapigwa faini. Mjomba alilirudisha lake mahali pale pale alipolitoa.

Kitu kilichomshika hasa ni mashua kuukuu zilizovutwa juu ya ufukwe na kuezekwa makuti ya huku, majani makavu, zikawa ghala za nyavu. Wenyeji huziita caloge. Zilizopo leo zimejengwa upya kwa ajili ya wageni kutazama, lakini zamani zilikuwa za kazi, na Monet alizichora. Mjomba alipitisha kiganja kwenye ubavu wa moja, akafuata ubao hadi kwenye tezi. "Chombo kikizeeka hakitupwi," akasema, na akawa kimya kwa muda. Najua alikuwa akiwaza mashua yake.

Mvua haikukoma. Tulikaa kwenye dirisha la mkahawa, na hata hilo ni la Monet: siku mbaya za Februari 1883 alichora kutoka dirishani hotelini, bahari imechafuka, mashua zimevutwa juu. Safari ile ya wiki tatu alitoka na picha kama 20 alizozianza, na nyingi kati ya hizo alizimalizia nyumbani. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu watu hupenda kuamini kwamba kila kitu kilimalizika ufukweni. Alianza nje, mbele ya jabali, na rangi zilizomo kwenye tyubu za bati zilizovumbuliwa na Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841. Bila tyubu zile usingeweza kubeba rangi za mafuta begani. Lakini kisha alizibeba kanvasi hadi nyumbani, akazitazama, akazigusa tena.

Jioni mawingu yalipasuka kidogo upande wa magharibi. Tukakimbilia upande wa jabali la Amont, moja ya yale mawili yanayoubana mji. Kutoka huku ndiko alikochora machweo ambayo sasa yako kwenye makumbusho ya North Carolina, Marekani: jua karibu na ule mnara wa jiwe uitwao Aiguille, Sindano. Olson yule yule alikuja hapa na wanafunzi wake, wakapima, wakasoma barua za Monet na hesabu za maji, wakasema: 5 Februari 1883, saa kumi na dakika 53 jioni. Dakika, si mwezi. Sisi tulikuja Septemba, jua lenyewe lilikuwa mahali pengine kabisa, limekwishavuka upande wa kulia, baharini. Haidhuru. Nilisimama nikihesabu kwa saa yangu muda ambao ile rangi ya machungwa ilikaa juu ya maji kabla haijageuka kijivu. Dakika nne.

Ijumaa: Manneporte

Mjomba aliswali adhuhuri chumbani, tukatoka. Nilikuwa na jedwali la maji mfukoni: maji kupwa saa kumi na dakika arobaini. Alilisoma akilini kabla sijamwonyesha, kwa kuutazama mwezi wa jana usiku uliokuwa umevuka nusu ukielekea kupevuka. Alichokosea ni saa. Kwetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, hupwa kama saa nne asubuhi, huku hupwa jioni, na jambo hilo lilimkera kama mtu aliyekuta nyumba yake imehamishwa mlango. Kilichomtia hofu ni kimo. Tanga maji hupanda na kushuka kama mita nne bamvua ikiwa kubwa. Pwani hii, bamvua hufika mita saba na zaidi. "Kwa saa zile zile sita," alisema. "Basi haya maji hayatembei. Yanakimbia."

Ngazi za upande wa Aval, lile jabali la pili, zinapanda kutoka mwisho wa ufukwe, kisha ni njia ya majani, upepo wa ubavuni, na upande wa kulia hakuna kitu. Chini yako ni tao la Aval, ambalo watu wengi huliona kama tembo aliyetumbukiza mkonga baharini, na Sindano kando yake. Watalii wengi huishia hapo. Tuliendelea hadi mahali ambapo jabali linapinda, na ghafla Manneporte ikatokea.

Nimeiona kwenye vitabu maisha yangu yote ya kazi. Picha yake iliyoko makumbusho ya Metropolitan, New York, ya 1883, naijua mpaka pembe zake. Sikuwa tayari kwa ukubwa wake. Ni lango, na jina lenyewe ndilo hilo, Lango Kubwa. Chaki nzito imetoka kwenye nchi kavu ikapiga hatua moja baharini. Saa tisa mchana jua lilikuwa likiingia kutoka ng'ambo, na tumbo la ndani la tao, ambalo lingepasa kuwa giza, lilikuwa limewaka dhahabu na waridi kwa mwanga uliogota majini na kurudi juu. Monet aliichora hivyo, nami nilikuwa nikiwaambia watoto kwamba ameongeza chumvi. Hakuongeza.

Chini kuna kaufukwe kati ya Aval na Manneporte, kamezungukwa na jabali pande zote. Huko ndiko alikoshukia kuchora. Kibao cha onyo kilitukataza kushuka, kwa sababu ya mawe yanayoporomoka na maji yanayofunga njia, na Mjomba hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Tukakaa juu, kwenye majani, mbali na ukingo, nikamsimulia kisa cha 27 Novemba 1885.

Monet alikuwa na umri wa miaka 45. Alishuka chini ya Manneporte na kanvasi yake, akajibanza pahala ambapo upepo haukumfikia, akazama kazini. Aliamini maji yanatoka. Mawimbi yaliyokuja kufia hatua chache kutoka miguuni mwake hayakumshtua. Lakini alikuwa ameikosea hesabu, na wimbi moja kubwa ambalo hakuliona likambamiza kwenye jabali, likamvuta majini pamoja na kila kitu chake. Alidhani amekwisha. Akatoka akitambaa kwa mikono na magoti, buti na koti zimejaa maji. Kibao cha rangi alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kimemgonga usoni, ndevu zake zimejaa buluu na njano. Stendi, mkoba, na kanvasi, vyote bahari iliondoka navyo. Jioni ile alimwandikia Alice Hoschedé, ambaye baadaye akawa mkewe, na ni kwa barua hiyo tunakijua kisa.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, macho hayajatoka kwenye kile kifukwe. Maji yalikuwa bado yanatoka, nusu saa hivi kabla ya kusimama.

"Alikaa demanini," akasema. "Hilo ndilo kosa. Upepo hakuupata, kwa hiyo hakuisikia bahari ikibadilika. Mtu wa baharini akikosa upepo usoni, hutazama jiwe." Akanyoosha kidole. "Tazama ule mwamba mrefu. Juu ya maji una rangi gani?"

Ulikuwa mweusi, unang'aa, na mwani umelala.

"Umelowa. Maji yakitoka huacha mwamba umelowa nyuma yake. Yakija, hukuta mwamba umekauka, maji na ukavu vinagusana. Ukitaka kujua bahari inakwenda au inarudi usitazame mawimbi, yatakudanganya. Tazama upana wa ule weusi."

Tukakaa kutazama. Saa kumi na nusu ule mkanda mweusi ulikuwa mpana kama mlango. Maji yakasimama. Kisha, na sikuona ilipoanza, mkanda ukaanza kunywewa kutoka chini. Jua nalo lilikuwa linafanya kazi yake juu: miamba iliyobaki nje ilianza kufifia, kutoka nyeusi kwenda kijivu, kutoka kijivu kwenda ile rangi ya mfupa. Kufika saa kumi na moja na robo maji meupe yalikuwa yanagusa jiwe kavu. Alama za kifukwe nilizoziweka machoni, jiwe moja lenye umbo la kiti, jingine lenye kijani, zilizama moja baada ya nyingine. Mahali pa kuweka stendi palikwisha nikiwa natazama.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nimekifundisha vibaya. Mwandishi Guy de Maupassant alimwona Monet hapa Étretat mwaka ule wa 1885, akaandika kwamba alitembea na watoto wamembebea kanvasi tano au sita za mahali pale pale, kila moja kwa saa yake, akaiacha moja na kuishika nyingine anga ilivyobadilika. Mimi nimekuwa nikikisimulia kisa hicho kama kisa cha mwanga. Lakini jua na maji haviendi kwa saa moja. Jua likiwa pale pale kesho, maji yatakuwa yamechelewa kwa dakika hamsini hivi. Mwanga ule juu ya mwamba uliolowa kiasi kile haurudi kesho, na ukirudi baada ya wiki mbili, mvua itakuwa inanyesha. Aliyeweka brashi mara moja na kuiacha hivyo hakuwa amechoka. Alijua dakika alizo nazo.

Nikamwambia Mjomba nitamjibu hivyo yule mtoto. Akasema, "Mlete baharini, mwanangu. Ataona mwenyewe."

Jumamosi: kwenda Dieppe

Siku ya barabara. Basi la kwanza lilitupita, dereva hakusimama, tukangoja saa mbili kituoni. Fécamp tulikula samaki. Kutoka hapo magari mawili na kungoja kwingine hadi Dieppe, kisha Pourville giza likiingia. Mjomba hakulalamika. Alihesabu mashua bandarini Fécamp na kuuliza bei za nyavu.

Monet alikuja huku Februari 1882, mji wa Dieppe haukumpendeza, akahamia Pourville kwa mpishi mmoja, Paul; Monet akamchora mpishi huyo na maandazi yake pia. Alipapenda hadi akarudi kiangazi na Alice na watoto wote. Mwaka ule peke yake alitoa karibu picha mia za pwani hii.

Jumapili: Pourville na Varengeville

Asubuhi tulitembea juu ya jabali la Pourville, mahali pa ile picha ya Monet iliyoko makumbusho ya Chicago: wanawake wawili ukingoni, mwavuli, majani yanayopepea, bahari yenye matanga madogo. Ukungu ulikuwa umetanda na hatukuona tanga lolote. Watafiti wa Chicago waliipiga picha ile eksirei wakakuta kwamba Monet alilipunguza jabali la kulia, ili bahari na anga vipumue. Kwa hiyo alikuwa akihesabu na upana pia, si muda tu. Ufukwe wa chini yake una historia nyingine, nzito: tarehe 19 Agosti 1942 askari wa Kanada walishuka hapo kwenye shambulio la Dieppe, na wengi hawakurudi. Mjomba aliomba tusimame kidogo.

Varengeville tulikitafuta kibanda. Monet alikichora zaidi ya mara kumi mwaka 1882, kijumba cha mawe kilichowahi kuwa cha walinzi wa forodha tangu enzi za Napoleon, kimekaa peke yake juu ya korongo, kimeipa mgongo nchi. Alirudi kukichora tena 1896 na 1897. Hakipo. Jabali lililokibeba limekwisha kuliwa. Pwani hii hurudi nyuma kwa wastani wa kama sentimita 20 kwa mwaka, ila si kidogo kidogo: miaka inapita kimya, halafu usiku mmoja kipande kizima kinaanguka. Kanisa la Mtakatifu Valery na makaburi yake ya mabaharia, alikozikwa mchoraji Georges Braque, liko karibu sana na ukingo na ardhi yake inateleza. Nilisimama mbele ya hewa tupu, mahali ambapo nadhani kibanda kilikuwa. Picha zile ndizo kibanda sasa.

Tukashuka korongoni hadi kwenye mawe. Nilikuwa nimebeba kibao cha sentimita 22 kwa 27, nyeupe, buluu mbili, kijani kimoja, njano, waridi. Saa kumi alasiri. Nikachora kwa haraka niliyoweza, kama dakika 40, jabali upande wa kushoto, maji chini, ukungu unaoinuka. Chaki niliipata: nyeupe na tone la waridi, kivuli cha buluu. Niliridhika nayo. Nikamwita Mjomba.

Alikitazama kibao kama alivyoitazama ile ya Marmottan, mikono nyuma.

"Jabali ndilo," akasema. "Ukungu ndio." Akasogea. "Maji haya yanakuja au yanatoka?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeyapaka buluu hadi kwenye jiwe, mstari mmoja safi, kwa sababu ulinipendeza. Mbele yetu mkanda mweusi ulikuwa umeshuka karibu kimo cha mtu tangu tuanze, na miamba mingine mitatu ilikuwa imetokea ambayo kwenye kibao changu haikuwapo.

"Sijui, Mjomba."

"Basi tazama tena. Yatasimama saa moja na robo, unao muda." Akaketi juu ya jiwe kavu, upepo usoni, akafungua chupa ya chai. Nikafuta sehemu ya chini kwa kitambaa, nikachanganya kijani na waridi mpaka ikawa nyeusi isiyo nyeusi, nikaanza na mwamba uliolowa.